Kadi Iliyoitwa kwa Jina la Nguo

Haya ninayoyaandika yalinikuta mie mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Jadida, hapa Wete. Sikuhadithiwa na mtu. Skuli niliiacha darasa la pili, na mtu wa darasa la pili hana ufundi wa kutunga vitu kama hivi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kelele.

Miaka yenyewe ni ile ya vyama vingi. Siku hizo, kuno kwetu Pemba, neno "kadi" lilikuwa halina maana nyengine. Ukisema kadi, mtu hakuulizi kadi ya nini, anakuuliza ya rangi gani. Watu walisusiana maduka, wakasusiana mazishi, na ndoa zikavunjika kwa kipande cha karatasi ngumu kinachoingia mfukoni. Na maneno yaliyotisha kuliko yote yalikuwa "kurudisha kadi". Fulani karudisha kadi! Basi jua huyo kahama chama, na wenzake hawamwamkii tena.

Humo humo ndimo mjukuu wangu Rukia alimoposwa na kijana wa upande wa pili. Kijana mwenyewe sina ila naye, anasali, ana kazi, na akiniamkia anainama. Taabu ilikuwa kwa ami yake, Mzee Khatibu, ambaye ndiye msemaji wa kwao. Baba yake Rukia, mwanangu Salim, yuko Maskati, na ruhusa ya kazini alinyimwa. Watu wakapata la kusema. Wakasema Salim haitaki ndoa hii, eti mie bibi ndiye ninayemwozesha mtoto kwa ubabe wangu.

Ubabe ninao, sikatai. Lakini hilo lilikuwa uongo.

Mzee Khatibu akaja kukaa barazani kwangu, akasema: "Bi mkubwa, sauti ya simu mtu yeyote huiga. Mie nataka niuone uso wa Salim akimpa shehe uwakili wa kumwozesha mwanawe. Nisipouona, narudi na bwana harusi wangu siku hiyo hiyo."

Simu za wakati ule, nani asiyezijua? Vibonyezo na tochi, basi. Uso utauona wapi? Rukia akaniambia: "Bibi, usihangaike. Baba tutamwona kwenye kompyuta."

Huyu Rukia alikuwa akisomesha kompyuta skuli, na nyumbani alikuwa na ya kwake, kuukuu, kubwa kama kasha la nguo. Ndani haikuwa na ule mtambo unaotumiwa na wengi. Ilikuwa na kitu kinaitwa Linux. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni mtambo wa bure, unatumika kwa halali bila ya kuuiba, na hata virusi haviushiki. Bure na halali, mie tena nitasema nini?

Ila masika yale radi ilikuwa imeliunguza tundu la kuchomekea waya wa mtandao. Waya wenyewe upo, tumeuvuta kutoka duka la mtandao la nyuma ya nyumba, umeingia kwa dirishani, lakini hauna pa kuchomekwa. Rukia akatoa kifaa kwenye kompyuta nyengine iliyokufa, akakitia katika hii yake. Kifaa hicho ni kipande cha kijani kama kiganja, upande mmoja kina meno ya rangi ya dhahabu. Na jina lake, ole wangu, ni kadi. Kadi ya mtandao.

Usiku wa kuamkia harusi akaijaribu, ikakataa. Nikamwambia alale, kesho ataitazama. Kesho yake mapema wakaja wapakaji hina, wakampaka mikono hadi viwikoni na miguu hadi magotini, wakamfunga vitambaa, wakaenda zao. Haya niambie, bibi harusi aliyefungwa mikono atabonyeza nini? Hatoki nje, haguswi, na mtu pekee ajuaye kompyuta katika nyumba ile ni yeye.

"Bibi," akaniambia, "itabidi mikono iwe yako."

"Mikono yangu mie?"

"Mie nitasema, wewe utafanya. Si wewe ulikwenda kisomo cha watu wazima? Herufi unazijua."

Nikafuta mikono unga, nikakaa mbele ya lile kasha. Yeye kaketi nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kalifunua kidogo kama mtu anayechungulia ngoma. Ananiambia bonyeza em, natafuta em. Ananiambia bonyeza o. Kila nikimaliza mstari, kompyuta inaleta maneno meupe juu ya weusi.

"Inasemaje?"

"Inasema haikujui," nikamjibu, maana ilikuwa haielekei kusema jengine.

"Haiitambui kadi, bibi. Haipati dereva wake."

"Kadi ina dereva?"

"Kila kifaa kina dereva wake humu ndani. Nikikiita kwa jina lake, dereva anakuja anakiendesha. Nimeliita jina lililoandikwa juu ya kadi, mara nne nimeliita, halijibu." Kisha akapandisha sauti, masikini, kwa uchungu: "Kadi hii ya zamani imekataliwa! Bora niirudishe!"

Alikusudia kuirudisha kule alikoitoa. Lakini nje ya dirisha letu kuna baraza ya Bi Time, na Bi Time ndiye mwenye masikio ya mtaa mzima. Anakaa pale toka asubuhi mpaka magharibi akichambua mchele, sijui mchele gani usiokwisha.

Hakujapita muda, hodi mlangoni. Mzee Khatibu! Kaja kabla ya wakati, kavaa kanzu ya harusi, uso umemng'aa kama kapaka mafuta ya nazi, na mkononi ana kifurushi.

"Hongera, bi mkubwa! Hongera sana!"

"Ndoa bado, Mzee Khatibu."

"Siyo ya ndoa. Nimeambiwa nyumba hii kadi za zamani mmezikataa, mnazirudisha. Mngesema toka mwanzo, tusingesumbuana!" Akafungua kifurushi. Kanga mpya ya rangi ya chama chao, na juu ya kanga, kadi mpya, tupu, inangojea jina langu.

Nikamtazama. Nikaitazama kanga. Nikaita kwa dirishani: "Bi Time!"

"Abee, shoga yangu!"

"Umesema nini leo?"

"Mie? Mie n'liyosikia ndiyo n'liyosema. Sikuzidisha hata chembe."

Ikabidi nimweleze Mzee Khatibu kadi ni kadi gani. Nikamwonyesha hadi lile kasha lililo wazi ubavuni. Akaiona kadi ya kijani imechomeka. Uso ule uliokuwa uking'aa ukakunjamana, maana mtu akifurahi kwa kosa, aibu yake haina pa kwenda ila kwenye hasira.

"Kumbe na mtambo wenyewe haufanyi kazi," akasema.

"Utafanya."

"Alasiri, bi mkubwa. Tukitoka msikitini nije nimwone Salim, uso kwa uso. Visingizio sitaki." Akaondoka na kuacha kifurushi chake mezani.

Nyuma ya pazia nikamsikia Rukia analia. Analia huku kanyoosha mikono mbele, asiiharibu hina. Nikamwambia aache, machozi yakidondokea hina huacha madoa. Ndivyo nilivyo mie, kubembeleza sikujaaliwa. Lakini moyo wangu ulikuwa umekuwa mzito. Mtoto yule nimemlea toka ananyonya. Ndoa ikivunjika siku ya ndoa yenyewe, na watu wameshaalikwa, na biriani jikoni, katika mji huu nani atamposa tena?

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini, wakati ule ambao wazee wetu walitukataza watoto kukaa njiani. Mtaa umetulia kabisa. Nikasikia hodi. Haikuwa hodi ya mtu wa kuno, ilitoka puani, kama sauti ya mtu mwenye mafua.

"Karibu," nikasema, nikidhani ni mualikwa aliyewahi.

Akaingia mtu mfupi, mnene, tumbo mbele. Kavaa kanzu nyeupe, safi kuliko kanzu zote nilizopata kuona, na juu yake koti jeusi refu, limemfunika mgongo hadi shingoni. Koti, joto lile! Mie kanga moja ilikuwa inanitosha jasho, na yeye hana hata tone. Miguuni ana makubadhi ya njano, mapana kupita kiasi, na mwendo wake ni wa kuyumba huku na huku kama bata aliyeshiba. Alinuka samaki. Sikushangaa, nikajua ni mtu wa Tumbe, huko kila mtu hunuka samaki na hakuna aibu.

Ila paka wangu, ambaye harufu ya samaki humtoa hata ng'ambo ya pili ya mtaa, aliruka dirishani akaenda zake. Hapo nilitakiwa nishtuke. Nilishtuka? Wapi.

"Assalamu aleikum, bi mkubwa."

"Waaleikumu salaam. Wewe ni wa upande gani?" Nikakusudia upande wa bwana harusi au upande wetu. Lakini miaka ile swali lile lilikuwa na maana mbili, na mie nilizitaka zote mbili.

"Mie natoka upande wa baridi," akasema. Nikadhani ni mzaha.

Akaomba maji. Nikamletea maji ya friji, akaomba barafu. Nikamletea barafu kwenye bakuli, ile tuliyoiweka kwa ajili ya sharubati. Niamini, alizitafuna zile barafu moja moja, karakara, kama mtoto anavyotafuna bisi, mpaka bakuli likawa tupu. Na chumba kikaingia baridi. Nikajifunika kanga ya pili. Nyuma ya pazia Rukia akasema, "Bibi, mbona baridi?" 

Mgeni akaliangalia lile kasha kwa jicho moja. Sijui kwa nini, hakutazama kwa yote mawili, aligeuza kichwa akatumia la upande.

"Haisikii?" akauliza.

"Inaitwa, haiitikii."

"Mnaiita nani?"

Nikamsomea, herufi kwa herufi, jina lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kadi. Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta.

"Hilo ni jina la nguo," akasema. "Mmemwita kwa jina la nguo aliyovishwa sokoni. Mwiteni kwa jina alilopewa na mama yake, ataitika."

"Kadi ina mama?"

Hapo akanigeukia. Akaniita kwa jina langu.

Ngoja. Silo jina hili ninaloitwa na watu wote, lililo kwenye kitambulisho. Mama yangu alizaa watoto watatu kabla yangu, wote wakafa wachanga. Nilipozaliwa mie aliniita jina alilolichagua mwenyewe, kisha nikaugua, wakanibadilisha jina ili mauti yaniache nikue. Lile la mwanzo lilifichwa, mama aliniita hilo tukiwa wawili tu, na waliolijua wamelala makaburini miaka mingi. Sikumwambia hata marehemu mume wangu. Jina hilo ndilo aliloniita mgeni yule, kwa upole, kama mama yangu alivyokuwa akiniita akinipaka mafuta.

 Nikataka kusoma Ayatul Kursi, ulimi haukunyanyuka. Lakini, na hili ndilo la ajabu, sikuogopa. Nilihisi kama mtu aliyepepewa.

"Ahsante ya barafu," akasema, akainuka, akayumba hadi mlangoni. Nikainuka nimsindikize, maana adabu ni adabu hata kama mgeni ni jini. Nikatoka barazani. Njia nyeupe, jua kali, hapana mtu. Bi Time peke yake na ungo wake.

"Bi Time, mgeni kapita wapi?"

"Mgeni gani?"

"Aliyetoka humu sasa hivi! Mfupi, mwenye koti!"

"Shoga, toka aondoke Mzee Khatibu hapa hakujapita hata kuku. Jua limekupiga?"

Bi Time asimwone mtu anayepita! Mnaomjua Bi Time mtaelewa uzito wa jambo hilo.

Nikarudi ndani. Kwenye sakafu ya saruji, toka mlangoni hadi kitini, kulikuwa na alama za miguu za maji. Kila mguu na vidole vitatu, vipana, vimeunganishwa na ngozi kama vya bata. Za kuingia zipo. Za kutoka hazipo.

Watu wengine wangepiga ukelele. Mie nilikuwa na ndoa alasiri.

Utotoni, kabla sijasikia mawaidha nikaacha kuziendea, niliziona ngoma za pepo. Pepo akimpanda mtu kichwani, mganga humuuliza jina. Mara ya kwanza pepo hudanganya, hutaja jina la bure, na ukimwita kwa hilo hateremki hata upige ngoma hadi alfajiri. Mpaka umkazanie aseme jina la kwao. Nikasema moyoni, kumbe na hizi kadi ni hivyo hivyo?

"Rukia, nizime hiki kitu nikitoe?"

"Zima kwanza, bibi, usije ukapigwa na umeme. Unataka kufanya nini?"

"Kuivua nguo."

Nikazima, nikachomoa waya, nikalegeza kijiparafujo kwa ncha ya kisu cha kukatia vitunguu. Kadi ikatoka. Mgongoni ina karatasi yenye jina kubwa la kujigamba na nembo ya rangi. Nikaikwangua taratibu kwa ukucha na maji ya uvuguvugu, kama mtu anayebandua stika ya bei kwenye sahani. Chini yake kikajitokeza kidude cheusi, na juu ya kidude, herufi ndogo mithili ya kope. Nikavaa miwani, nikamsomea Rukia.

 Akasema, polepole, "Bibi, hilo ni jina jengine kabisa. Wauzaji walibandika lao juu ya la mtengenezaji. Ndiyo maana! Nilikuwa nikimwita dereva siye."

Nikaikausha vizuri kwa kanga, nikairudisha mahali pake, nikawasha.

Sasa, hadi siku ile sikuwahi kuiona kompyuta ile ikiwaka toka mwanzo. Nilikaa mbele yake asubuhi ilipokuwa imeshaamka. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo, halafu pembeni juu akatokea yeye. Mfupi. Mnene. Tumbo jeupe, koti jeusi hadi shingoni. Miguu ya njano, mipana, vidole vitatu.

"Huyo!" Nikaruka na kiti. "Rukia, huyo! Ndiye aliyekuja kula barafu!"

"Bibi, huyo ni ndege tu. Anaitwa pengwini, anaishi kwenye nchi za barafu. Ni alama ya Linux."

"Ndege gani ajuaye jina langu?"

Rukia alikuwa anatazama alama za miguu sakafuni, na yeye hakuwa mtoto wa kutishika.

Nikakaa. Akanitajia mstari, nikabonyeza, safari hii kwa jina lile dogo la chini ya nguo. Kompyuta haikusema kitu. Nikadhani imekataa tena. "Ikinyamaza ndiyo imekubali!" akasema Rukia, na hapo hapo nyuma ya kasha, kwenye tundu la waya, kikawaka kijitaa cha kijani, kikaanza kupepesa. Wallahi, nilikipenda kama jicho la mtoto mchanga.

Alasiri wakaja. Shehe, mashahidi, bwana harusi anatokwa na jasho ndani ya joho, na Mzee Khatibu kakunja uso. Kompyuta tumeitoa pamoja na waya wake, ipo mezani, barazani. Na ndani ya kioo yupo mwanangu Salim, na kilemba chake, Maskati, analia na kucheka kwa pamoja.

Mzee Khatibu akasogea karibu kabisa, pua kwenye kioo. "Nitajuaje kama ndiye? Picha nazo huigizwa."

Nikamwambia, "Si unataka hakika? Muulize jina. Lakini siyo la kwenye kitambulisho."

Kabla hajafungua mdomo, Salim akasema kutoka Maskati: "Kijiko! Bado hujaacha ubishi?"

Barazani kote wakageuka. Kumbe wawili hawa walisoma chuo kimoja cha Qur'ani, na Khatibu, kwa kupenda uji wa Ramadhani, aliitwa huko kwa jina hilo. Hata mkewe hakulijua. Mzee Khatibu alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Ndiye huyu mwanaharamu," akasema, halafu akamwomba shehe radhi. Salim akampa shehe uwakili, ndoa ikafungwa, nikapiga vigelegele mwenyewe, na mie si mpigaji.

Walipokuwa wanaaga nikampa Mzee Khatibu kifurushi chake, kanga na ile kadi mpya ndani, bila ya jina. Kwa hiyo Bi Time hakusema uongo: siku ile nyumbani kwangu kadi ilirudishwa.

Rukia sasa ana watoto watatu. Kompyuta ile imeshakufa, Mwenyezi Mungu aipe mapumziko. Lakini zile alama zilikauka zote ila moja, iliyo mbele ya kiti alichokalia mgeni. Tumepiga deki, tumepaka rangi ya sakafu, inarudi. Na ni baridi. Ukija kwangu wakati wa kiangazi utanikuta nimekaa pale, mguu wangu umekanyaga juu yake, nami sitaki kuulizwa.

Nakuonya wewe unayesoma. Akibisha hodi mtu saa saba mchana, mkavu, ndani ya koti, usimuulize ni wa chama gani. Mpe barafu, umtazame miguu. Na akikuita kwa jina ambalo hajabaki hai wa kulijua, usikimbie. Itika. Mie sikuitika siku ile, nilinyamaza kama jiwe, na hadi leo kila nikisikia barafu inatafunwa nageuka, nikitaraji nitaitwa tena.